Jina Jipya la Tovuti, Deni la Jina la Zamani

Kuelekeza kikoa cha zamani kwenda kipya ni kazi isiyomaliza nusu saa kwa fundi aliyezoea. Ndiyo maana hupangwa Ijumaa jioni, ikafanyika chapuchapu, watu wakapiga picha mbele ya nembo mpya na kwenda nyumbani. Jumatatu simu zinaanza. Mteja wa Ujerumani ameandika barua pepe mara mbili na hajajibiwa. Malipo ya simu yanaingia lakini mfumo hauyaoni. Ukurasa uliokuwa ukitokea juu kwenye Google sasa unampeleka mtu kwenye ukurasa wa mwanzo ambao hausemi lolote kuhusu alichokuwa akikitafuta. Makala hii inaihusu hiyo Jumatatu.

Sababu za kuhama ni nyingi, na baadhi ni nzuri. Kampuni iliyoanza na .com sasa inataka .co.tz ili ijulikane ni ya wapi. Shirika limebadilisha jina, au washirika wawili wameachana na mmoja ameondoka na jina. Nchini Kenya, tangu 2017 unaweza kusajili jina fupi linaloishia na .ke pekee, bila .co katikati, na mwaka huohuo .africa ikafunguliwa kwa umma, kwa hiyo walio na majina marefu wana kishawishi cha kutosha. Hata hivyo, mtu akiniambia sababu yake pekee ni kwamba jina jipya linapendeza zaidi, humshauri abaki alipo. Gharama ya kuhama haiishi siku ya kuhama. Kwa miaka mingi baadaye utakuwa unalipia majina mawili, na lile la zamani ndilo litakalokuwa na madhara makubwa zaidi ukilisahau.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba jina la zamani ni lako kweli. Usicheke. Huku kwetu tovuti nyingi ndogo zilisajiliwa na kijana aliyezitengeneza, kwa jina lake, kwa akaunti yake, kwa namba yake ya simu. Huduma ya whois, iwe ya majina ya .tz au ya KeNIC kwa majina ya .ke, inaweza kukuonyesha jina limesajiliwa kupitia nani na linaisha lini, ingawa siku hizi taarifa za mmiliki mara nyingi hufichwa. Kipimo cha uhakika ni kimoja: je, wewe au mtu wa ofisini kwako anaweza kuingia kwenye akaunti ya msajili sasa hivi, bila kumpigia mtu simu? Kama hapana, zungumza na huyo fundi mapema, mlipe anachokudai kihalali, jina lihamie kwenye akaunti ya kampuni, ndipo mpango mwingine uanze. Ukishatangaza jina jipya, nguvu ya mazungumzo iko kwake, kwa sababu anajua huwezi kuendelea bila lile la zamani.

Ukishaingia kwenye akaunti hiyo, tazama barua pepe iliyoandikwa kama ya mawasiliano. Ikiwa ni info@ ya kikoa hichohicho unachokihama, ibadilishe leo. Vinginevyo siku jina likikaribia kuisha muda, onyo litatumwa kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Jina likifa, sanduku nalo limekufa, na njia ya kurejesha nywila ya akaunti ilikuwa inapitia humohumo.

Sasa tuje kwenye uelekezaji wenyewe, kwa sababu kuna vitu vitatu vinavyofanana nao ambavyo sivyo. Cha kwanza ni kubadilisha rekodi za DNS. DNS hutafsiri jina kuwa anwani ya seva, basi. Haimwambii mgeni kwamba mmehama. Ukielekeza majina yote mawili kwenye seva moja, mgeni wa jina la zamani ataendelea kuliona jina la zamani juu ya kivinjari chake milele. Cha pili ni kuegesha, pale jina la zamani linapowekwa kama lakabu ya jipya: tovuti moja inaonekana kwa majina mawili, na injini za utafutaji zinaachiwa zikisie ipi ndiyo asili. Cha tatu ndicho kibaya zaidi, na wasajili wengi hukitoa bure wakikiita kufunika anwani. Tovuti mpya inafunguliwa ndani ya fremu, jina la zamani linabaki juu, na kila ukurasa unaofungua una anwani ileile, hata ukitaka kumtumia mwenzako kiungo cha bei ya bidhaa moja huwezi. Ukikiona kitufe hicho, kipite.

Uelekezaji wa kweli ni jibu linalotolewa na seva. Kivinjari kinaomba ukurasa kwa jina la zamani, seva inajibu kwa namba 301, maana yake ukurasa umehama moja kwa moja, na inataja anwani mpya. Kivinjari kinakwenda huko bila mgeni kuhangaika. Kuna pia 302, ya kuhama kwa muda. Kwa macho ya mgeni zote mbili ni sawa, lakini 302 inaiambia Google kwamba utarudi, kwa hiyo isubiri kidogo kabla ya kubadilisha kumbukumbu zake. Kwa kuhama jina, mwisho wa yote unataka 301.

Nimesema mwisho wa yote kwa sababu vivinjari huikumbuka 301 kwa ukaidi. Ukiiweka na kosa ndani yake, mashine iliyoshaitembelea inaweza kuendelea kwenda kule kulikokosewa hata baada ya wewe kurekebisha seva, na ofisi nzima ikabaki kubishana: huyu anaona tovuti, yule haoni. Weka 302 kwanza, jaribu, ukiridhika badilisha iwe 301. Na unapojaribu, tumia dirisha la faragha la kivinjari, au afadhali zaidi tumia amri hii kwenye kompyuta:

curl -I http://jinalazamani.com/bei

Itakuonyesha jibu tupu la seva, namba na anwani inayotajwa, bila kumbukumbu za kivinjari kuingilia. Jaribu namna nne: kwa http na kwa https, kwa www na bila www. Zote nne lazima zifike mahali pamoja.

Hiyo ya https ndiyo inayowaangusha wengi. Kabla seva haijatamka neno lolote la 301, kivinjari hudai kwanza cheti cha usalama cha jina lililoombwa, yaani la zamani. Cheti kikiwa kimeisha muda, mgeni anaona ukurasa wa onyo jekundu na uelekezaji wako hata haufikiwi. Kwa hiyo jina la zamani linahitaji cheti hai kwa muda wote litakaoelekeza. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na kwa kawaida hujifanya upya vyenyewe. Ila mtu akishafuta faili za tovuti ya zamani "kwa kuwa haitumiki tena", mara nyingi huondoa na kile kilichokuwa kikifanya vijifanye upya. Miezi mitatu inapita kimya kabla hamjajua. Huduma za bure za kuelekeza kwenye paneli za wasajili nazo uzichunguze kwa jicho hilohilo: nyingine hazijibu https kabisa, nyingine hutupa njia ya ukurasa na kumpeleka kila mtu kwenye ukurasa wa mwanzo.

Kwenye seva ya Apache, ambayo ndiyo iko nyuma ya paneli nyingi za cPanel, kazi yote inaweza kuwa mstari mmoja ndani ya faili la .htaccess la kikoa cha zamani:

Redirect 301 / https://www.jinajipya.co.tz/

Tazama ule mkwaju wa mwisho. Ukiusahau, mtu aliyeomba jinalazamani.com/bei atapelekwa kwenye www.jinajipya.co.tzbei, kikoa ambacho hakipo duniani. Anayejaribu ukurasa wa mwanzo pekee hataligundua kosa hilo kamwe, kwa sababu ukurasa wa mwanzo unafanya kazi vizuri tu. Kosa la pili linatokea pale majina yote mawili yanaposoma folda moja: mstari huo utaelekeza na jina jipya pia, kwenda kwalo lenyewe, bila mwisho, mpaka kivinjari kikate tamaa. Hapo unahitaji sharti linalosoma kwanza jina lililoombwa ni lipi, au bora zaidi, ulipe jina la zamani folda yake lenyewe ambayo ndani yake hamna kitu zaidi ya faili hilo. Wa Nginx wana neno lao, na sehemu muhimu ni ile ya mwisho inayobeba njia ya ukurasa:

return 301 https://www.jinajipya.co.tz$request_uri;

Siku moja au mbili kabla ya kuhama, punguza muda wa kuishi wa rekodi zako za DNS. Mara nyingi huwa sekunde 86400, yaani siku nzima. Ziweke 300, ili ukikosea uweze kurudi nyuma kwa dakika tano badala ya kesho.

Mstari ule mmoja unatosha ikiwa kurasa za tovuti mpya zina anwani zilezile za zamani baada ya jina. Bahati mbaya watu hupenda kubadilisha vyote kwa mpigo: jina, muundo, menyu, hata lugha. Tenganisha. Hama na tovuti kama ilivyo, iache itulie wiki kadhaa, halafu ndipo upake rangi mpya. Mambo yakiharibika utajua yameharibiwa na nini.

Kama haiwezekani kutenganisha, tengeneza jedwali. Chukua kampuni ya utalii ya Moshi yenye kurasa sitini. Safu ya kwanza ni anwani ya zamani ya ukurasa wa njia ya Lemosho, ya pili ni anwani yake mpya. Kisha Machame, kisha Marangu, kisha orodha ya vifaa vya kupandia mlima, kisha ile PDF ya bei ambayo mawakala wa nje wameihifadhi kwenye barua pepe zao tangu zamani na ambayo hakuna mtu ofisini anayekumbuka kwamba ipo. Orodha ya kurasa usiitoe kichwani. Itoe kwenye takwimu za tovuti, kwenye Search Console ya Google, na kwenye kumbukumbu za seva, kwa sababu hizo ndizo zinazojua watu wanaingilia mlango gani. Mara nyingi utakuta ukurasa mmoja uliosahaulika, wa hali ya hewa ya mlima kwa miezi, unaleta wageni kuliko ukurasa wa mwanzo.

Ukurasa usio na mwenzake kwenye tovuti mpya uelekeze kwenye ule unaokaribiana nao zaidi. Usipokuwepo kabisa, uache utoe 404, yaani jibu la ukurasa usiopatikana, ya heshima, yenye maneno machache na viungo vya kusaidia. Kuwamwaga wote kwenye ukurasa wa mwanzo kunaonekana ukarimu, lakini mgeni aliyetafuta bei ya siku nane Lemosho akitupwa kwenye picha kubwa ya twiga anaondoka. Google nayo haidanganyiki: uelekezaji wa namna hiyo huuhesabu kama ukurasa uliokosekana, kwa hiyo sifa uliyotaka kuiokoa inapotea vilevile.

Wenye tovuti kubwa wanalijua hili. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilihama kutoka guardian.co.uk kwenda theguardian.com Julai 2013, na hifadhi yake ya habari za miaka mingi ikahama nalo, habari kwa habari. Hicho ndicho kiwango, hata kwa tovuti ya kurasa sitini.

Kwa wanaotumia WordPress kuna mtego mmoja nyuma ya pazia. Anwani kamili zenye jina la zamani zimetapakaa kwenye hifadhidata: kwenye picha, kwenye menyu, kwenye mipangilio ya violezo. Fundi mwenye haraka huandika amri ya kubadilisha neno moja kwa lingine ndani ya hifadhidata nzima. Baadhi ya mipangilio hiyo huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi za kila neno, na jina jipya likiwa refu au fupi kuliko la zamani hesabu haikubali, mipangilio inatupwa, na tovuti inafunguka ikiwa imepoteza nusu ya sura yake. Tumia WP-CLI au programu-jalizi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambazo hurekebisha na hesabu, na chukua nakala ya hifadhidata kabla ya kugusa. Usiache pia viungo vya ndani vikitegemea uelekezaji. Kila mruko ni safari nyingine kwenda kwenye seva na kurudi, na mteja anayetumia simu ya bei nafuu kwenye mtandao wa kusuasua anauhisi.

Miruko ikipandana ni tatizo lake lenyewe. Wanaokumbuka Celtel ilivyokuwa Zain mwaka 2008 na Zain ikawa Airtel mwaka 2010 wanajua kwamba jina linaweza kubadilika mara mbili kabla hata fulana za mara ya kwanza hazijachakaa. Ukihama mara ya pili, rudi kwenye jina la kwanza kabisa ulielekeze moja kwa moja kwenye la tatu, bila kupitia la pili. Google hufuata miruko hadi kumi hivi kisha huacha. Binadamu huacha mapema zaidi.

Barua pepe ndiyo inayoumiza, na ndiyo inayosahaulika. 301 ni lugha ya tovuti. Barua pepe haiisikii. Kubadilisha kibao cha dukani hakuhamishi Sanduku la Posta. Barua inayotumwa kwa info@ ya jina la zamani hutafuta rekodi ya MX ya jina hilo, ile inayotaja seva ya kupokea barua, na kama fundi ameifuta wakati "anasafisha", barua inarudi kwa aliyeituma au inapotea. Mara nyingi kosa hutokea hivi: rekodi zote zinahamishiwa kwa mtoa huduma mpya kwa ajili ya uelekezaji, za tovuti zinanakiliwa, za barua hazinakiliwi.

Njia nzuri ni kuliongeza jina la zamani kama lakabu kwenye huduma ileile inayobeba barua za jina jipya. Google Workspace, Microsoft 365 na hata cPanel ya kawaida zinaruhusu. Barua za majina yote mawili zinaingia kwenye sanduku moja, mfanyakazi anajibu kwa jina jipya, mteja anajifunza taratibu. Kusambaza barua kutoka seva moja kwenda nyingine kunafanya kazi pia, ila barua iliyosambazwa huonekana kama imetoka kwa seva isiyoruhusiwa na mtumaji wa asili, na nyingine huishia kwenye taka.

Jina jipya nalo linaanza maisha bila sifa. Liwekee rekodi zake za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kabla ya kutuma barua ya kwanza. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti hayo, hasa kwa wanaotuma barua kwa wingi. Na kama una orodha ya wateja elfu kadhaa, usiwatumie wote tangazo siku ya kwanza kutoka kwenye jina ambalo halijawahi kutuma hata barua moja. Mifumo ya kuzuia taka haina sababu ya kukuamini. Anza na wachache unaoandikiana nao kila wiki, uongeze taratibu.

Tangazo lenyewe lina hatari yake. Matapeli wa barua pepe za biashara hupenda sana sentensi "tumebadilisha anwani yetu". Kwa hiyo litume kutoka kwenye anwani ya zamani ambayo wateja wanaijua, liweke pia kwenye tovuti na kwenye kurasa zenu za mitandao ya kijamii, na wateja wakubwa uwapigie simu. Andika waziwazi kwamba namba za akaunti ya benki na lipa namba hazijabadilika. Kama kweli mnabadilisha na benki, subirini miezi kadhaa. Mteja makini akipokea jina jipya na akaunti mpya ndani ya barua moja hatalipa, na ana haki.

Halafu kaa chini na mhasibu na mtu wa ofisi, muorodheshe kila mahali mlipojisajili kwa barua pepe ya zamani. TRA au KRA, BRELA, benki, mifuko ya jamii, bima, WhatsApp ya biashara, Facebook, Instagram, ramani ya Google, tovuti za kukatia vyumba na safari, msajili wa kikoa, mtoa huduma wa seva. Ndani ya kila moja badilisha anwani. Hii ni kazi ya wiki kadhaa, inachosha, na haina picha ya kuweka mtandaoni, lakini kila akaunti utakayoiacha ni mlango ambao ufunguo wake unabaki kwenye jina la zamani.

Malipo yanataka aya yao. Kama tovuti yenu inapokea pesa kwa simu, kuna anwani mliyowahi kuisajili kwa mtoa huduma, ambayo mfumo wake huigonga kila malipo yanapokamilika. Wanaotumia Daraja ya Safaricom wanaijua kama anwani ya uthibitisho. Taarifa hiyo hutumwa kwa njia ya POST, ikiwa na mzigo wa data ndani yake. Ikikutana na 301, programu nyingi za upande wa pili hubadilisha ombi kuwa la kawaida na kuangusha mzigo, au hazifuati kabisa. Pesa inaingia kwenye akaunti yenu, oda inabaki "haijalipwa", na mteja anapiga simu akiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Ipo 308, ambayo inatakiwa kuulinda mzigo njiani, lakini usiwekee matumaini mfumo usiouendesha wewe. Badilisheni anwani hiyo kwa mtoa huduma siku ileile, na mpaka muone malipo ya majaribio yamepita, iacheni njia hiyo moja kwenye jina la zamani iendelee kujibu yenyewe bila kuelekezwa. Vivyo hivyo kwa programu ya simu kama mnayo: toleo lililoko mikononi mwa watu limeandikwa jina la zamani ndani yake, na wengi hawatalisasisha mwaka huu wala ujao.

Upande wa Google hauhitaji maneno mengi. Thibitisha umiliki wa majina yote mawili kwenye Search Console, hakikisha 301 zinafanya kazi, kisha tumia zana yake ya kubadilisha anwani. Wasilisha ramani mpya ya tovuti. Usiifungie roboti njia ya kuingia kwenye tovuti ya zamani, kwa sababu isipoingia haitauona uelekezaji. Nafasi zako zitayumba wiki chache, na hiyo ni kawaida kwa tovuti ya wastani. Usianze kubadilisha mambo kila asubuhi kwa hofu. Google wenyewe hushauri uelekezaji ubaki angalau mwaka mmoja.

Ushauri huo wa mwaka mmoja unahusu utafutaji tu, na watu wengi huusoma kama ruhusa ya kuliacha jina life baada ya miezi kumi na miwili. Jina lisipolipiwa halipotei; linarudi sokoni. Kwa .com na wenzake, baada ya muda wa neema wa msajili huwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, kisha yeyote anaweza kulinunua. Wapo wanaovizia majina ya namna hiyo kwa mashine, kwa sababu viungo vyote ulivyovijenga kwa miaka bado vinaelekea huko. Tovuti ya shule inaweza kugeuka ya kamari ndani ya wiki moja, na kiungo chake bado kiko kwenye tovuti ya wizara.

Hata walio juu kabisa kwenye biashara hii wameteleza. Mwaka 2024 watafiti wa usalama wa kampuni ya watchTowr walinunua kwa dola 20 kikoa kilichoachwa kuisha muda, ambacho zamani kilikuwa kikitumika kutoa taarifa za whois za majina yote ya .mobi. Huduma ilikuwa imeshahamia kwenye jina jipya. Lakini mashine nyingi mno duniani, zikiwemo za kampuni za usalama na za serikali, zilikuwa bado zinauliza kwa jina la zamani, na sasa waliokuwa wanajibu ni hao watafiti. Kwa kampuni ndogo kitisho kiko kwenye barua pepe: anayelinunua jina lako la zamani anaweza kuwasha sanduku la info@ jioni hiyohiyo, akapokea ankara za wateja waliochelewa kupata habari, na akabonyeza "nimesahau nywila" kwenye kila akaunti ambayo hukuihamisha.

Kwa hiyo jina la zamani lilipie kwa miaka mingi kwa mpigo; majina ya .com huruhusu hadi miaka 10. Washa malipo ya kujirudia, yatoke kwenye kadi ya kampuni na siyo ya mfanyakazi anayeweza kuondoka. Andika tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya watu wawili. Ukilinganisha na gharama ya nembo mpya na mabango, pesa yenyewe ni ndogo.

Kuna nyakati ambapo uamuzi hauko mikononi mwako. Kikoa cha .yu cha Yugoslavia kilizimwa rasmi Machi 2010, na aliyekuwa hajahamia .rs au .me alipoteza jina, kulipia au kutolipia. Mara nyingine mmiliki halali wa alama ya biashara anakudai jina kwa mkataba. Ukikabiliwa na hilo, usihangaike na Google kwanza. Omba muda, hata miezi sita, na uuandike ndani ya makubaliano. Katika muda huo acha tovuti iendelee kuelekeza, lakini kila siku mtu mmoja asome barua zinazoingia kwa jina la zamani, ajibu kila mtumaji kwa jina jipya, na kila ujumbe wa mfumo wa benki, mamlaka ya kodi au mtandao wa kijamii auhesabu kuwa akaunti moja iliyosahaulika, aiingie na aibadilishe siku hiyohiyo. Funga lakabu ya barua mwisho kabisa, baada ya tovuti.